Nimemtoa mama mkwe kwa dirisha la gari

Leo nimemkumbatia mama mkwe wangu katikati ya barabara. Wanaojua mila zetu wameshaanza kuniombea.

Gari ni lile la zamani, la marehemu babu. Kwa miaka minne nimelichomelea vyuma, nikalifungia injini ya lori, nikatangaza kwamba kutoka Busia mpaka Tororo hakuna wa kunipita.

Asubuhi mke wangu akasema, "Mpeleke mama kwao Petta, naye alionje hilo gari."

Mke wangu akaketi mbele nami, mama nyuma, uso dirishani. Kwetu mkwe haguswi wala hatazamwi. Tukiwa na neno, mke wangu ndiye mkalimani, ingawa sote tunaongea lugha moja.

Nikakanyaga mafuta.

Pua ya gari ikainuka. Bodi ya babu ikajikunja kama chapati. Hatukufika hata kwenye kona. Milango yote ikajibana, moshi ukaanza kutoka mbele.

Mimi na mke wangu tukatoka kwa dirisha. Mama akakwama kiunoni.

Watu wa bodaboda wakasimama kutazama. Hakuna aliyetaka kumshika mama wa watu, na moshi ulikuwa unazidi.

Nikamkumbatia, nikamvuta.

Akajifunga leso upya, polepole. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nioe, akanitazama machoni.

"Baba Athieno," akasema, "punda angenifikisha."

Akapanda bodaboda, akaenda.

Wazee wa Petta mlio humu, niambieni mapema: faini ya kumgusa mkwe ni mbuzi mmoja, au niuze injini ninunue ng'ombe?