Mume Wangu Anautunza Mkono Wake Kuliko Mtoto

Admin, jina langu libaki kwako. Nina miaka thelathini na mbili, mama wa binti mmoja wa miaka miwili, naishi Igogo hapa Mwanza na nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli. Wengine humu mtanitukana. Tukaneni tu, ila someni mpaka mwisho.

Mume wangu ni mchezaji wa besiboli wa kulipwa. Najua mnacheka, hata mimi nilicheka. Kwa msioijua, mmoja anarusha kampira kagumu, mwenzake anashika gongo anajaribu kukapiga. Mume wangu ndiye anayerusha. Basi, kazi imeisha. Alianzia kwao Kisesa, akiamia ndege kwenye mpunga kwa kuwatupia madongoa. Shuleni walimu wakauona mkono wake, na baadaye timu moja ndogo ya Japani ikamchukua. Alicheza misimu miwili. Wa tatu kiwiko kikamuuma, wakamrudisha nyumbani apumzike, wakasema akipona watamwita.

Jamani, kuishi na ule mkono! Kila asubuhi anautumbukiza kwenye ndoo ya barafu anayoifuata kwa wauza samaki. Ndoo ya maji habebi. Mtoto akimlilia anambeba kwa kushoto, akichoka ananirudishia. Nikimwambia agonge msumari ukutani ananijibu, "Mama watoto, huu mkono ndio kazi yangu." Kazi! Mwanaume mzima, miezi minane yuko nyumbani analea kiwiko.

Kilichonimaliza ni siku ya kupokea posa ya mdogo wangu, nyumbani kwa baba Butimba. Baba ni Mhaya, mwalimu mstaafu, kwenye heshima hana mzaha. Wazee wa upande wa pili walikuwa wamekaa mstari mmoja. Mume wangu akaingia, akainama vizuri, akasema, "Shikamooni," kisha akaanza kuwapa mkono mmoja mmoja. Wa kushoto! Eti wazee wakikushika mkono wanautikisa sana, kiwiko kitashtuka. Hata akili ya kuinama tu bila kumpa mtu mkono hakuwa nayo. Alipofika kwa baba, baba akautazama ule mkono, wa kwake akauacha gotini.

"Marahaba," akasema. "Huo kautumie chooni."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mdogo wangu alijifungia chumbani analia, na wageni wakaaga kabla chakula hakijaisha. Tulipofika kwetu nilimpasulia mume wangu. "Wewe si mchezaji, wewe ni mgonjwa. Hao Wajapani walishakusahau, unajidanganya."

Wiki iliyofuata ujumbe wa timu ukaingia kwenye simu yangu. Kiingereza cha mume wangu ni cha kuombea maji, kwa hiyo mambo yote ya timu yanapitia kwangu, namsomea na kumjibia. Mkalimani wao aliuliza kama kiwiko kimepona. Msimu ujao wanamtaka, atume video akiwa anarusha. Niliusoma mara mbili, na hasira za Butimba zikanipanda upya. Nikajibu kwa jina lake kwamba ameacha mchezo na anawashukuru kwa yote. Kisha nikaufuta, nikarudi kukaanga sato wangu.

Alisubiri miezi miwili. Kila siku, "Hawajaandika?" Na mimi, "Hawajaandika." Mwishowe akaachana na barafu, akaenda mwaloni, kwenye soko la samaki, kutafuta kibarua. Sasa anabeba magunia ya dagaa kutwa nzima, kwa mkono uleule. Nilitaka mume anayefanya kazi, nimempata. Furaha yenyewe siioni.

Juzi mkalimani ameandika tena. Kocha wao haamini kwamba ameacha, anataka wazungumze kwa simu. Ijumaa ikipita, nafasi anapewa mwingine. Nilitoka kazini nimeazimia kumwambia. Nikamkuta mlangoni anakula viazi, mkono umemvimba, anapeleka kipande mdomoni kwa shida. Akanisogezea kigoda.

"Unajua, mke wangu, watu wote walikuwa wananipamba. Wewe peke yako ndiye uliyeniambia ukweli. Asante."

Nikaingia jikoni kana kwamba nafuata mchuzi, nikasimama huko mpaka akamaliza kula.

Leo ni Jumatano. Ujumbe safari hii sijaufuta. Nimemdharau muda wote huo mtu ambaye hajawahi kunidanganya hata siku moja, na sasa naona aibu hata kumpakulia chakula. Nikisema, nampoteza. Nikinyamaza, anaendelea kunishukuru. Ndugu zangu, ninyi mngeanzia wapi kumwambia?