Kibuyu Kilichomrudia Tata

Kwii... kwaa. Kamba ya katani ikisugua boriti ya darasa. Mlio ule ninao masikioni mpaka leo, na nikisikia bembea ya watoto ikilia vile uso unaniwaka kwa aibu, ingawa nacheka.

Ilikuwa siku ya wazazi shuleni kwetu, Muleba, enzi zile za ujamaa ambapo kila mgeni alikuwa Ndugu Fulani. Mimi wa kidato cha pili nikachaguliwa kuwaonyesha wazazi fizikia kwa Kiswahili: unaning'iniza kitu kizito, unakivuta mpaka kiguse pua yako, unakiachia bila kukisukuma, kinakwenda na kurudi lakini hakikupigi, maana hakina nguvu ya kupita pale kilipoanzia. Tata (yaani baba yangu) alikuwa amekwisha kusema, "Nitakuja kuiona hiyo fizikia. Nikikuta ni upuuzi, mwakani unabaki kibanjani kupalilia migomba." Na Tata hatanii.

Mwalimu aliniambia nifunge jiwe. Mimi na ndoto zangu nikaona jiwe halina raha, nikafunga kibuyu kilichojaa mulamba, ile juisi yetu ya ndizi mbivu, nikiwaza kwamba tukimaliza wageni watainywa nishati yenyewe!

Nikaeleza vizuri, nikasimama wima, nikaachia. Kwii, kikaenda. Papo hapo Tata akaingia kwa mlango wa ubavuni, kanzu nyeupe, koti jeusi, amenyoosha mikono yote miwili, na jamani, binti wa Kihaya amsalimu baba yake amesimama? Magoti yakashuka yenyewe, kichwa nikainamisha, fizikia yote ikanitoka. Naye akainama juu yangu kupokea salamu, kichwa chake kikapita mbele ya pale pua yangu ilipokuwa, na kwaa, kibuyu kikarudi.

Kilimpasukia kwenye paji la uso. Mulamba ukatiririka ndevuni, ukaingia kwenye kanzu, darasa zima likaangua kicheko, na shangazi yangu akapaza sauti toka benchi la nyuma, "Yesu wangu, kampiga baba yake kwa adabu!"

Tata akajipangusa macho. "Nimekusikia toka mlangoni. Si umesema hakipigi mtu?"

Machozi yananitoka, magoti bado chini, nikajibu kwa neno letu la heshima, "Waitu Tata, hakipiti pale kilipoanzia. Wewe ndiye umeingia njiani mwake."

Akaitazama boriti, akaitazama kamba iliyokuwa bado inabembea, akalamba mdomo.

"Na lingekuwa jiwe?"

"Ningekuwa yatima, Tata."

Mabega yakaanza kumtikisika. "Basi mwakani rudi ukamalizie. Fizikia nusunusu nyumbani kwangu siitaki, itatumaliza sote."

Tangu hapo nimeapa: kwanza nasimamisha kinachobembea, ndipo napiga magoti. Lakini jioni ile, wengine wakimenya ndizi jikoni, nilikwenda kibanjani peke yangu, nikaning'iniza jiwe kwenye tawi, nikalivuta mpaka puani, nikaliachia. Likaenda. Likarudi. Sikupepesa macho.