Pengo Kwenye Mpaka wa Mama

Mimi si mtu wa kuamini watu upesi, na tabia hiyo nimeirithi kwa mama. Kwa hiyo shamba lake la Mvumi lilipokosekana kwenye faili, sikujiuliza kama kompyuta imekosea. Nilisema moyoni, hapa kuna mkono wa mtu.

Ofisi yetu ya upimaji wa ardhi iko mjini, mtaa wa Area D. Kazi yangu ni kukagua ramani. Mwenzangu wa meza ya jirani ndiye mchoraji, na ndiye aliyehamisha michoro yote kwenda kwenye kanzidata, faili moja ambalo halmashauri hulitumia kuandaa hati za mashamba. Shamba lisilokuwemo humo halipati hati. Kwenye mchoro shamba la mama lilikuwepo, kati ya majirani zake. Kwenye faili palikuwa peupe.

Nikaanza kumchunguza yule kaka mchoraji. Mbona siku hizi simu anapokelea koridoni? Mbona ana viatu vipya? Nilipomuuliza, kwa upole wa uongo, kama kila kitu kimehama, alijibu bila kunitazama kwamba mashine haijalalamika. Jibu hilo likanichefua. Nikamwambia wazi kwamba shamba la mama yangu halimo, na nataka kujua nani analimezea mate.

Hakukasirika, na hilo nalo nikalitilia shaka. Aliukuza mpaka wa mama kwenye skrini hadi likaonekana pengo dogo upande wa kisima. Mstari ulifika kwenye bikoni moja, ile nguzo ya mpaka, ukakatika, ukaanza tena kwenye bikoni ya pili. Akanieleza kwamba faili linapokea mashamba yaliyofungwa pande zote. Lenye mwanya linaachwa nje. Nikamuuliza mbona hakuufunga. Alichora alivyoletewa na wapimaji, akasema, nao walimwambia kwamba mwenye shamba amekataa pafungwe.

Nikampigia mama. Baada ya shikamoo nikamuuliza, wala hakuficha. Majirani wanapita hapo kwenda kisimani tangu baba akiwa hai, na wapimaji walipotaka kuweka mpaka juu ya njia yao, aliwafukuza. Nikamweleza kwamba pasipofungwa, hati hapati.

"Mkifunga, watu watapita wapi?"

"Watapita hapo hapo, mama. Ni mstari wa kwenye kompyuta tu."

"Haya, funga." Nikadhani tumemaliza. "Ila shamba litakuwa lako. Nikishakufa, hutakuja na huo mstari wako ukaweka waya?"

Niliumia. Mimi ni mwanawe, tena nilikuwa nahangaika kwa ajili yake. Nikamwambia sitaweka waya, njia itabaki. Akauliza kama nina mtu karibu. Nikasema yupo mchoraji.

"Mpe simu," akasema. "Nataka na yeye asikie ulichoniahidi."

Nikamtazama yule kaka, na viatu vyake vipya, nikampa simu.