Rekodi mbili za simfoni moja, na masikio ya mke wangu

Wengi wanaolinganisha rekodi mbili za simfoni moja hukosea: huchagua ile yenye sauti safi.

Hata mimi, mwalimu wa muziki mstaafu.

Leo asubuhi, hapa Msambweni, nilikuwa nikichagua rekodi ya kuwafundishia walimu vijana kesho. Ile mpya ni safi kabisa. Ile ya zamani inakwaruza. Nilikwisha amua kuchukua mpya.

Mke wangu, binti wa mpiga ngoma wa sengenya, ngoma ya jadi ya huku kwetu pwani, alikuwa akipepeta mchele.

"Baba Rukia, huyu wa ngoma ana haraka ya kwenda wapi?"

"Yupi?"

"Wa hiyo mpya. Anawatangulia wenziwe. Yule wa zamani anawangoja."

Nikacheka. (Msinihukumu.) "Hiyo ni okestra kubwa, Mama Rukia!"

"Basi sikiliza, mwalimu."

Nikasikiliza mara tatu. Kweli, ngoma inatangulia! Naipenda simfoni hii tangu ujana, lakini hilo sikulisikia.

Kesho nabeba ile ya zamani, na nitawaambia walimu wote ni nani aliyenifundisha. Namjivunia mno.

Nanyi, nani amewahi kuwasahihisha hivi nyumbani?

Leo mwekee mtu rekodi mbili za muziki uupendao, muulize anasikia nini, kisha unyamaze.