Asubuhi Kiguu-na-Njia Alipokaa Ndani

Kaka yangu mkubwa hakuwahi kumaliza kikombe cha chai akiwa ameketi. Alikuwa fundi bomba, na mtaa mzima ulimwita Kiguu-na-Njia. Bomba kuu la mtaani kwetu lilikuwa kuukuu, likipasuka mara mbili au tatu kwa mwezi, na kila lilipopasuka watu hawakutafuta koki ya kulifunga; walimtafuta kaka. Walimfuata bafuni, walimfuata kwenye ibada. Siku moja alitoka katikati ya sala, nikamwombea msamaha kwa Mungu. Kisha nikarudi nyumbani, nikakuta maji yanatoka, nikanawa uso wala sikumshukuru.

Mwaka wake wa mwisho, kaunti ilianzisha mafunzo ya viongozi wa mitaa, kila Jumamosi kwa miezi sita, katika ukumbi wa shule. Majirani walimchagua kwa kelele, bila kura. Mkufunzi wao, mwalimu mkuu mstaafu, alimtaka kila mmoja aseme anaufanyia nini mtaa wake. Kaka akataja mpaka vidole vikamwishia.

"Na ukifa kesho?" mkufunzi akamuuliza.

Ukumbi mzima ulicheka. Kaka hakucheka. Wiki ile daktari alikuwa amemwambia kwamba moyo wake umechoka, na tulilijua hilo sisi wawili tu.

Kazi aliyopewa ilikuwa hii: achague jambo moja analolifanya yeye peke yake, amfundishe mtu mwingine, halafu kwa miezi miwili asiliguse. Akachagua koki. Akamchagua Mama Cherehani, mshonaji wa nyumba ya pili, ambaye kwa utani alikuwa hana mpinzani.

"Mimi? Nitashona bomba kwa uzi gani, Fundi?"

"Uzi ninao. Wewe lete mikono."

Alimfundisha siku nne: namna ya kuinua kifuniko cha chuma, koki ipi ni ya mtaa na ipi ni ya zahanati, na spana inashikwaje.

Wiki ya tatu, asubuhi, bomba likapasuka. Kaka akavaa viatu. Akavivua. Akavaa kimoja. Akaenda dirishani, akarudi, akaenda tena, na mimi nikimfuata kwa macho mpaka kichwa kikaniuma.

"Haizunguki!" tulimsikia Mama Cherehani akipiga kelele nje. "Jamani, koki haizunguki!"

"Fundi yuko wapi?" mtu akauliza.

"Yuko ndani! Ameshasoma huyo, miguu yake haigusi tope tena!"

Kaka alikaa kitini, akaikalia mikono yake yote miwili.

"Kuna kitu sikumwambia," akasema. "Mimi nikiishika, inafunga. Sijui naifanyaje, lakini inafunga."

"Basi nenda, kaka! Maji yanaingia kwenye nyumba za watu. Huoni hata aibu mbele za Mungu?"

"Nikienda leo, nitaenda mpaka lini?"

Nikakasirika zaidi. Nikaufuata mlango ili nikamsaidie yule mama, japo sijui ningemsaidia nini.

"Mdogo wangu," kaka akasema taratibu, "kaa."

Nikakaa. Nilijaribu kuomba, maneno yakapotea, nikabaki nikitaja jina la Mungu tu kama mtu anayegonga mlango. Nje watu walibishana, wakatukanana, wakanyamaza. Kisha mlio wa maji ukapungua, mwishowe ukakatika.

Mama Cherehani akaingia bila hodi, amelowa chapachapa, spana mkononi.

"Wewe mwanamume! Kwa nini hukuniambia kwamba lazima uigandamize chini kwanza, ndipo uizungushe?"

Kaka akautoa mkono wake wa kulia chini ya paja. Akashika hewa, akaigandamiza chini, akazungusha. Akautazama mkono ule kama wa mtu mwingine.

"Kumbe!" akasema. "Miaka kumi na tisa, na mimi mwenyewe sikujua."

"Shukuru Mungu nilikuwa na hasira. Bila hasira nisingeigandamiza hivyo!"

Kaka alicheka mpaka akashika kifua, na mimi nikashtuka, lakini alikuwa anacheka tu.

Baadaye Mama Cherehani alimfundisha kinyozi, na kinyozi akamfundisha muuza mkaa, na wote walianza na kugandamiza. Kaka alimaliza mafunzo, ila kukaa hakukuzoea. Bomba likipasuka, alizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Miezi minne baadaye moyo wake ulisimama, naye akiwa amesimama, kikombe mkononi. Nimemuuliza Mwenyezi Mungu kwa nini hakumwacha walau anywe ile chai. Bado namuuliza.

Siku ya maziko watu walijaa uani kwetu. Tulikuwa katikati ya sala nilipousikia ule mlio wa bomba linapopasuka. Hakuna mtu wa mtaa wetu asiyeujua. Niliinuka.

"Kaka!" nikaita, mbele ya watu wote.

Hakuna aliyecheka. Mama Cherehani alikuwa ameshajifunga kitambaa kichwani. Alitoka na kinyozi na muuza mkaa, wakipita pembeni kimyakimya ili wasikatize sala. Kiongozi wa ibada hakupandisha wala kushusha sauti. Kabla hajafika mwisho, maji yalinyamaza.

Watu wakaitikia amina. Mimi nilikuwa bado nimesimama.