Vidole vya Kokoo na Jedwali la Kikorea

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Kajiado miaka ya tisini ikianza, Msimamizi wa karakana ya vitabu vya wasioona alinipa karatasi nene iliyojaa nukta zilizoinuka akaniambia nisome. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kujifunza breli, maandishi ya wasioona, kwa muda mfupi tu. Niliinamisha karatasi dirishani ili nukta zitoe kivuli, nikasoma bila kukwama.

Msimamizi, ambaye wote walimwita Mwalimu na hakuona tangu utotoni, aligeuza kichwa. "Mbona nasikia karatasi ikienda dirishani? Unasoma na macho?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi hujasoma. Umechungulia." Karakana nzima ikacheka. "Hapa hakuna karatasi inatoka bila kupita kwa kidole cha asiyeona. Na vidole vyako, kijana, bado vimelala."

Nilifanya kazi chini yake miaka mingi nikinakili vitabu vya shule kwa mashine ya breli, ambayo ina vitufe sita, kila kimoja kwa nukta yake. Vidole vyangu havikuamka. Macho yalikuwa na kasi, nami nilipenda kusifiwa kasi.

Miaka ya elfu mbili nikahamia Kitengela, kwa Mchungaji mmoja Mkorea aliyefungua chumba cha kuchapa breli nyuma ya nyumba yake. Aliishi na mamake mzee, asiyeona. Majirani Wamaasai walimwita Kokoo, yaani nyanya, nasi tukafuata. Alikuja Kenya na kitabu kimoja cha Zaburi, na nukta zake zilikuwa zimelala kabisa kwa kusomwa.

Mchungaji alipata programu ya kompyuta ya bure, ambayo mtu yeyote aliruhusiwa kuifungua ndani na kuirekebisha. Programu hiyo hugeuza maandishi ya kawaida kuwa breli kwa kufuata jedwali: kila mstari unasema herufi hii, nukta hizi. Jedwali la Kikorea halikuwa limekamilika, na kulikamilisha kukawa kazi yangu. Lugha yenyewe sikuijua. Mchungaji alinifundisha sauti za herufi tu. Katika breli yao, herufi ikianza silabi ina nukta zake, ikifunga silabi ina nyingine, na silabi nyingi hufupishwa. Niliandika mistari, mashine ya kuchapa ikapiga nukta, Kokoo akapitisha kidole.

"Hii mbaya," angesema. "Hii mbaya sana. Hii... wewe mgonjwa?"

"Hapana, Kokoo."

"Basi kunywa chai. Rudia."

Alitaka kitu kimoja. Kila mwaka familia yake ilifanya ibada nyumbani kukumbuka siku aliyofariki mumewe. Mwaka ule alitaka kusoma Zaburi mwenyewe, asisomewe.

Juma la ibada, stima ilikuwa ikipotea kila mara. Iliporudi, niliongeza vifupisho alivyokuwa ameniomba, nikaviweka juu ya mistari ya zamani. Programu ilisoma jedwali kutoka juu na kuchukua mstari wa kwanza unaofaa, kwa hiyo vifupisho vyangu vikameza silabi zilizokuwa chini yake. Nilitazama kurasa dirishani, nikaona nukta zimepangika vizuri. Nikazishona kuwa kitabu bila kumpa Kokoo asome kwanza. Nilitaka kiwe zawadi.

Sebule ilijaa. Kokoo alianza kusoma kwa sauti safi. Mstari wa tatu, kidole kikasimama. Kikarudi nyuma, kikasimama tena. Mchungaji akamnong'oneza, Kokoo akatikisa kichwa. Mwishowe akafunga kitabu, akaweka mikono juu yake, na Mchungaji akamalizia kutoka kwa Biblia yake.

Jumatatu alikuja mapema, akakaa kwenye kiti chake. Nilianza kuomba msamaha, akanikatiza.

"Wewe ulisoma?"

"Nilisoma, Kokoo."

"Ulisoma na nini?"

Alinishika mkono, akaweka kidole changu juu ya karatasi. "Funga macho."

Tulisahihisha jedwali hivyo, kila ukurasa ukianza kwa kidole changu na kumalizikia kwa chake. Watu wa ng'ambo waliotunza programu walilipokea. Lakini Kokoo alifariki kabla ya ibada nyingine, na iliyofuata ikawa yake na ya mumewe pamoja. Mchungaji alinisukumia Zaburi iliyosahihishwa.

"Ndugu yangu, soma wewe."

"Mchungaji, maneno siyaelewi."

"Mama angeyaelewa."

Nilifumba macho nikasoma silabi kwa silabi. Kwenye mstari wa tatu nilikawia, ingawa haukuwa na kosa tena.

Sasa nimestaafu. Vijana wa breli wakiniuliza jinsi ya kujaribu jedwali, nawaambia wamtafute mtu atakayelisoma, wampe karatasi, wanyamaze. Jedwali letu lilipona. Siku ambayo Kokoo alitaka kumsomea mumewe haikurudi.