Chiriku Alivyomgeuza Baba Yake Ndoo

Katika mabango ya Fundi Rangi kila mtu alicheka. Kinyozi alicheka na mteja wake alicheka. Mgonjwa aliyeketi kwenye kiti cha daktari wa meno alionyesha meno yote, hata lile bovu alilokuja kung'olewa. Hata kuku wa bango la duka la nyama alikuwa na tabasamu pana, kana kwamba hajaambiwa kinachomsubiri. Wateja walitaka hivyo, na mkono wa Fundi Rangi ulikuwa umezoea. Angeweza kuchora mdomo unaocheka akiwa juu ya ngazi, huku anazungumza na mtu aliyeko chini, bila kuangalia brashi inakoelekea.

Nyumbani alikuwa na mke, mwokaji mikate aliyerudi kila siku na unga kwenye nyusi, na binti mmoja ambaye hakuwa ameanza darasa la kwanza. Binti huyo waliyemwita Chiriku hakuzaliwa na jina hilo. Alilipata siku alipojifunza kusema, kwa sababu tangu hapo hakunyamaza. Alizungumza akila, akioga, akivalishwa. Alizungumza na kikombe.

Ndiyo maana siku alipomnyamazia baba yake, nyumba nzima ilishtuka.

Ilitokea hivi. Mama yake Fundi Rangi alituma salamu kwamba anakuja kukaa nao kwa muda. Mke akasema chumba cha mtoto, ambamo bibi angelala, kinatia aibu: ukuta umechafuka, nyumba ya fundi wa rangi imekuwa kama gereji. Fundi Rangi akapokea hoja. Asubuhi moja Chiriku alipokuwa shule ya awali, alisogeza kitanda, akapiga msasa, akachukua rola na kopo la rangi ya maziwa, akaupaka ukuta wote. Alipomaliza alirudi nyuma hatua chache akajisifu kimoyomoyo. Ukuta uling'aa kama yai.

Chiriku aliporudi alisimama mlangoni na mkoba wake mgongoni.

"Yuko wapi?"

"Nani, mama?"

"Mnyama wangu."

Mnyama huyo alikuwa amechorwa kwa penseli za rangi, siku baada ya siku, kuanzia karibu na mlango hadi chini ya dirisha. Alikuwa mrefu kwa sababu kila ilipopatikana nafasi alirefushwa, na kila mguu wake ulivaa kiatu chake.

"Aa, yule? Tumesafisha, mama. Bibi anakuja. Si unaona ukuta unavyopendeza?"

Chiriku hakuuangalia ukuta. Alimwangalia baba yake. Mashavu yakavimba, kidevu kikatetemeka, kisha akasema polepole, neno moja moja:

"Sikupendi. Nataka baba mwingine."

"Wewe! Unamwambia nani hivyo? Omba msamaha sasa hivi!"

Hakuomba. Alifunga mdomo, na kwa baba yake ukabaki umefungwa. Kwa mama yake alizungumza kama kawaida, na hapo ndipo Fundi Rangi alipojua kwamba hakusamehewa. Siku iliyofuata, wakati wa chakula, mtoto aliketi wima kama mteja mwenye malalamiko.

"Mama, mwambie huyo fundi anisogezee chumvi."

Fundi Rangi akasogeza chumvi.

"Mama, mwambie fundi kiatu changu kimefunguka."

Fundi Rangi akapiga goti akafunga kiatu. Mke wake aligeukia dirisha, mabega yakimcheza. Alikuwa anacheka ndani ya kiganja.

"Mama Chiriku, si jambo la kuchekesha," mumewe alimnong'oneza baadaye. "Mtoto anakosa adabu na wewe unacheka."

"Adabu anayo, baba Chiriku. Hajakuita jina baya. Amekuita kwa kazi yako tu."

Wakati huohuo Fundi Rangi alikuwa amepata kazi kwenye maktaba. Walitaka kuta za chumba cha watoto zichorwe. Mkutubi, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba, alimwangalia akishusha makopo yake, akamwambia, "Fundi, kabla hujafungua hata kopo moja, keti usome. Sitaki uyoga unaocheka. Nina uyoga unaocheka wa kunitosha maisha."

Akamwekea rundo la vitabu vya picha. Viti vyote vilikuwa vya watoto, kwa hiyo fundi aliketi magoti yakiwa karibu na masikio, akaanza kufunua kurasa. Vya kwanza alivipitia haraka. Vilikuwa na maua, sungura na jua lenye macho. Kisha akafungua kimoja akakomea hapo.

Kilikuwa cha mtoto aliyekasirishwa na mama yake kuhusu koti. Mtoto alikasirika mpaka akaamua kumtuma mama yake kwa posta. Alimfunga kwa karatasi, akamzungushia kamba, akambandika stempu kwenye paji la uso, akamburuta hadi kaunta. Jioni baridi ikaingia, vifungo vya koti vikamshinda, akarudi mbio posta kumchukua. Karani akamwuliza, kifurushi chako kikoje? Mtoto akajibu: kina joto, kinanukia sabuni, na kina kelele sana.

Fundi Rangi alicheka hadi kiti kikalia. Alipofika kwenye picha ya mtoto akivuta kamba, nyusi zimekutana, mdomo umebinuka, aliacha kucheka akaitazama kwa muda. Uso ule aliujua. Ulikuwa unamwomba chumvi kila siku.

"Kimekupata?" mkutubi aliuliza.

"Huyu mtoto... anamfanyia hivi mama yake, na hakuna anayemkaripia kitabu kizima?"

"Umwongezee makaripio ya nini, fundi? Hebu fikiria. Umekasirishwa na mtu mkubwa kuliko wewe, na ni huyohuyo anayekufunga kiatu, anayekupa chakula, anayekulaza. Utakwenda wapi? Huna hata nauli."

Fundi Rangi aliomba kuazima kile kitabu.

Nyumbani aliketi sakafuni katika chumba cha ukuta mpya. Chiriku alikuwa kitandani, mgongo umemwelekea. Baba hakumwita. Alianza kujisomea kwa sauti, akimfanya karani wa posta kuwa na sauti ya puani. Alipofika kwenye stempu ya paji la uso alisikia nyuma yake mlio mdogo, kama kicheko kilichomezwa kikakwama. Akaendelea bila kugeuka. Alisoma hadi mwisho.

"Tena," sauti ikasema.

Akasoma tena. Mara hii kulikuwa na kichwa begani pake. Aliposoma mara ya tatu alikuwa anafunuliwa kurasa.

"Lakini hiki ni cha mama," Chiriku alisema. "Cha baba kiko wapi?"

"Sijakiona."

"Basi tengeneza."

Fundi Rangi akafunga kitabu. "Nitatengeneza. Lakini kwanza nina neno. Nilimfuta mnyama wako bila kukuuliza. Nilikosea. Samahani, mama."

Mtoto alilipima neno lile. "Alikuwa na viatu."

"Najua."

"Hujui. Hukuviangalia."

"Ni kweli," baba yake akasema. "Sikuviangalia."

Hapo Chiriku alipumua kwa nguvu, kama aliyetua mzigo, kisha maneno yote aliyoyazuia yakatoka kwa pamoja, na mama yake aliyekuwa jikoni akasikia nyumba imerudi kuwa nyumba.

Walifanya kazi sebuleni, mchana, juu ya karatasi za mabango zilizobaki nyeupe upande mmoja. Chiriku alitunga, fundi alichora.

"Baba amefanya kosa. Msichana anakasirika, anamgeuza ndoo."

"Ndoo ya rangi?"

"Hapana! Ya kupigia deki. Imetoboka."

Fundi Rangi alijichora kama ndoo, masikio yake yakashika utambo wa kubebea. Kisha akamchora msichana, na mkono uliozoea ukaenda zake.

"Huyo anacheka!" Chiriku akapiga kelele. "Mimi sikucheka!"

Akafuta, akachora tena. Bado tabasamu lilijipenyeza kwenye pembe za mdomo. Baada ya miaka yote ile ya mabango, fundi aligundua hajui kuchora hasira. Akamwomba binti yake akasirike kidogo ili amwangalie. Chiriku akajitahidi, lakini alikuwa na furaha mno siku hiyo. Kila alipokunja uso ulimfunguka wenyewe. Wakaenda wote wawili mbele ya kioo. Wakavimbisha mashavu, wakashusha nyusi, wakabinua midomo, kisha wakaangaliana na kuangua kicheko mpaka mke akaja kuuliza kama kuna mtu ameumia. Ilibidi waanze upya mara nyingi. Mwisho fundi akaipata: si nyusi peke yake, ni kidevu. Kidevu cha mtoto mwenye hasira kimekaribia kulia.

Hadithi iliendelea. Msichana anazunguka na ndoo yake, na ndoo inavuja "samahani, samahani" kila inakopita, sakafu yote imelowa. Kisha anataka kuchungulia dirishani lakini hafiki. Anaipindua ndoo, anapanda juu yake, anaona barabara yote.

"Halafu ananirudisha kuwa baba," fundi akasema, brashi tayari.

"Hapana."

"Sirudi?"

Chiriku akafikiri. "Kesho."

Ukurasa wa mwisho ukawa na neno hilo moja.

Bibi alipofika, alikuta kitabu mezani. Alikifunua ukurasa kwa ukurasa, na kila ukurasa ulimkunja uso zaidi.

"Mwanangu, nimeona vizuri? Mtoto anamgeuza baba yake ndoo, na wewe mwenyewe ndiye uliyechora?"

"Ndiyo, mama."

"Ndoo iliyotoboka!"

"Ngoja nikusomee, bibi," Chiriku akasema, na bila kujua hata herufi moja akasoma chote, sauti ya ndoo ikiwa nzito kama ya baba yake. Alipofika "kesho," midomo ya bibi ilikuwa inatetemeka. Akajaribu kukohoa, haikusaidia. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya nguo.

"Sasa niwaambie," alisema alipopata pumzi. "Baba yako alipokuwa kama wewe, niligawa shati lake lililombana. Akakasirika! Alichukua sufuria yangu, akatia nguo zake ndani, akahamia chini ya meza. Nikamwita aje ale. Unajua alinijibu nini? 'Mimi ni mpangaji. Mpangaji hali kwa mwenye nyumba.'"

"Mimi?" Fundi Rangi mdomo ulibaki wazi.

"Wewe. Na sikukuchapa, maana nilitoka nje nikacheka nikiwa nimeshika ukuta. Kisha nikarudi na uso wa msiba, nikakusukumia sahani chini ya meza. Siku hiyo nilikuwa nimechoka kupita kiasi, mwanangu. Ulinipa nguvu."

Chiriku alidai hadithi hiyo irudiwe, na ilirudiwa.

Chumba cha maktaba kilipokamilika, ukuta mmoja ulikuwa na msichana mkubwa, mikono kiunoni, mashavu yamevimba, na pembeni yake ndoo yenye macho ya kuomba radhi. Mkutubi aliuangalia huku amevaa miwani yake, akasema neno moja: "Huyo!"

Jumamosi ya kwanza watoto walijaa, wazazi wakasimama nyuma. Fundi Rangi akasoma, Chiriku pembeni akimsahihisha. Mtoto mmoja akaropoka, "Mimi ningemgeuza mama kijiko!" Mama mwenyewe akashika kichwa, chumba kikalipuka kwa vicheko. Kila mmoja akataka kusema lake.

Dereva mmoja wa lori, jitu la mtu, alikuwa na mwanawe mabegani. Akamuuliza kwa utani, "Na mimi? Ungenigeuza nini?"

Mtoto hakuharakisha. "Mlango."

"Mlango! Kwa nini?"

"Mlango hauondoki."

Dereva alimshusha mtoto, akamkumbatia kwa mikono yake yote miwili, kisha akacheka, kicheko kizito kilichotikisa rafu za vitabu. Alimfuata fundi baadaye akamwomba amtengenezee kitabu cha mlango, asafiri nacho.

Jumatatu baba na binti walikuwa tena sakafuni na karatasi zao. Fundi alitaka mlango uwe wa mbao, wenye kitasa kama pua. Chiriku alitaka uwe na magurudumu.

"Mlango wenye magurudumu? Si utaondoka sasa?"

"Baba," Chiriku akasema, akimpokonya brashi, "mlango utaondoka na mtoto yuko juu yake. Wewe chora tu."